Nimebadilisha mbao za kuzunguka madirisha sita kwa mikono yangu. Mbona kona zimeachia?

#1 Mkazi wa Ipagala

Heshima kwenu. Mwishoni mwa mwezi wa tano, mara tu mvua zilipokatika, niliamua kubandua mbao za zamani zinazozunguka fremu za madirisha kwa upande wa ndani, zile ambazo mafundi huziita arkitrevu, na kuweka mpya kwenye madirisha yote sita ya nyumba yetu hapa Ipagala, Dodoma. Fremu zenyewe ni za mninga na bado ni nzima. Zilizochoka ni hizo mbao za kufunika ufa ulio kati ya fremu na lipu. Nilinunua paini ya inchi 1 kwa 6 iliyoshushwa wiki ileile kutoka Mafinga, nikaipeleka mashine ikapasuliwa katikati na kurandwa, kisha mimi na mpwa wangu tukakata kona kwa nyuzi 45, tukapigilia misumari na kupaka rangi nyeupe ya mafuta. Kazi ilipendeza kiasi kwamba mama watoto aliwaita majirani waje waione.

Sasa ni mwezi wa tisa na kona zimeachia. Kona za juu za madirisha yote zimefunguka kwenye ncha ya ndani, yaani ile iliyo karibu na kioo, hadi njiti ya kiberiti inaingia na kusimama bila kushikwa, ilhali ncha ya nje bado imebana. Dirisha la magharibi lina habari yake: kona zake mbili za chini zimefanya kinyume, zimefunguka nje na kubana ndani.

Makosa mengine ninayajua. Nilipima dirisha moja nikakatia mbao za madirisha yote, nikapoteza mbao nne kabla sijatambua kuwa hakuna dirisha linalofanana na jingine. Nilibandua mbao za zamani kwa mtaimbo bila kupitisha kisu kwenye mstari ambapo rangi ya ubao inashikana na rangi ya ukuta, hivyo lipu ikatoka mapande mapande. Hayo nimeshayalipia. Ninachoomba kujua ni hili la kona, kwa sababu sitaki kubandua tena kabla sijaelewa sababu.

#2 FundiRanda

Ndugu mtoa mada, jibu umelitoa mwenyewe uliposema mbao zilishushwa wiki ileile. Mafinga kuna baridi na ukungu, na mwezi wa tano mvua za huko ndiyo kwanza zinaisha. Ubao uliokaa kule unafika kwetu ukiwa na maji mengi tumboni, hata kama juu unaonekana mkavu. Hapa Dodoma kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi hatuoni tone la mvua, na upepo unakausha hata midomo. Ubao ukishapigiliwa ukutani unaendelea kukauka papo hapo, unapungua, na kona inaachia. Mimi mbao nikizinunua nazipanga karakana, natenganisha kila moja na mwenzake kwa vipande vidogo ili hewa ipite, nazikalisha si chini ya miezi miwili. Mteja akiwa na haraka namwambia atafute fundi mwingine.

Mngetumia mninga msingeyaona haya. Mninga haupungui kabisa.

#3 Kijana wa Mtumba

Swali langu ni fupi. Kama ubao umepungua, kwa nini kona haikuachia yote? Ubao ukifupika, pengo lingekuwa sawa kuanzia ncha ya ndani hadi ya nje. Nadhani mtoa mada alikata nyuzi vibaya tangu mwanzo, na rangi nzito ndiyo iliyoficha.

#4 Mwalimu wa Hesabu

Kijana, umeuliza swali zuri, ila msingi wake si sahihi. Ubao haufupiki kwa kiasi cha kuonekana. Unapungua upana na unene, na urefu wake hubaki karibu uleule. Hapo ndipo siri ya kona ilipo. Chukua karatasi, chora pembe ya nyuzi 45 kwenye ukanda, kisha upunguze upana wa ukanda huo bila kugusa urefu. Utaona kwamba pembe ya kwenye ncha imekuwa ndogo kuliko 45. Vipande viwili vya namna hiyo vikikutana havijazi tena nyuzi 90, na kwa kuwa ncha za nje zimeshikwa na misumari, uwazi unajitokeza ndani.

Tuweke namba. Paini iliyopasuliwa kawaida hupungua upana kwa kama asilimia 7 kutoka ubichi hadi ukavu kamili, na upungufu huo huanza pale unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi. Tuchukulie ubao wake ulipigiliwa ukiwa na asilimia 18 na sasa una 10. Upana wa milimita 75 umepoteza karibu milimita 1.4, na uwazi kwenye ncha ya ndani ya kona unakaribia milimita 2. Njiti ya kiberiti ina unene wa kiasi hichohicho.

Kwa hiyo kona za juu namuunga mkono FundiRanda. Kona za chini za dirisha la magharibi hesabu yangu haizielezi, kwa sababu kona inayofunguka nje ni dalili ya ubao uliovimba.

#5 MamaNkuhungu

Kabla hamjaenda mbali na hesabu, naomba mtoa mada agonge hizo mbao kwa mpini wa bisibisi. Mwaka juzi nilibadilisha mbao za dirisha la sebuleni bila kuchunguza nyuma yake. Baada ya miezi minne kona moja ililegea, nikadhani ni kukauka kama mnavyosema. Nilipobonyeza kwa kidole gumba, rangi ilizama kama ngozi ya maziwa. Ndani hapakuwa na ubao, palikuwa na udongo. Mchwa walipanda kutoka chini ya sakafu kupitia ule ufa ulio kati ya fremu na tofali, na mimi kwa mikono yangu nilikuwa nimewajengea paa.

Kosa langu la pili lilikuwa kufuata ushauri wa kupaka oili chafu ya gari nyuma ya mbao mpya. Oili ilipenya hadi mbele, rangi nyeupe ikakataa kushika, na ukuta ukatoka madoa ya kahawia ambayo hadi leo yanarudi kila ninapopaka. Safari ya tatu niliacha mbao wazi wiki nzima, nikavunja vichuguu vyote, nikapulizia dawa ya mchwa ndani ya ufa wenyewe na kwenye msingi kwa nje, kisha nikajaza ufa kwa saruji na mchanga. Ndipo nikarudisha mbao.

#6 Mkazi wa Ipagala

Ahsante dada. Nimegonga mbao zote ishirini na nne, na sauti ni ya ubao mzima. Sijaona kichuguu. Hata hivyo ufa sikuujaza, na hilo nimelipokea.

Mwalimu, nimeelewa mchoro wako. Nimepima pia fremu ya magharibi kutoka kona hadi kona: mshazari mmoja ni milimita 1,729 na mwingine ni 1,721. Je, tofauti hiyo ya milimita 8 haiwezi kuwa ndiyo chanzo?

#7 Fundi wa Misingi

Mtoa mada, hiyo milimita 8 ndiyo iliyonifanya nijiunge na mazungumzo. Ninyi wote mnazungumzia ubao, hakuna anayezungumzia ukuta. Sehemu nyingi za Dodoma zina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao huvimba mvua zikinyesha na kupasuka kiangazi hadi mkono unaingia kwenye nyufa. Nyumba iliyojengwa juu ya udongo huo kwa msingi mfupi hupanda na kushuka kila mwaka, na mahali dhaifu pa ukuta ni kwenye pembe za madirisha. Dirisha likisukumwa linakuwa mshazari: kona mbili zinabana na mbili zinafunguka. Ndiyo maana dirisha moja limefanya tofauti na mengine.

Angalia kama kuna ufa kwenye lipu unaotoka pembe ya dirisha na kwenda kwa mshazari. Ukiwepo, weka alama ya penseli kwenye ncha yake na uandike tarehe. Au gandisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa saruji. Kikikatika, ukuta unatembea.

#8 Mwalimu wa Hesabu

Naheshimu hoja ya udongo, lakini milimita 8 kwenye mshazari wa milimita 1,725 ni kupinda kwa robo ya nyuzi moja tu. Kwenye kona ya ubao wa inchi 3 hiyo ni karibu nusu milimita. Njiti ya kiberiti haiingii hapo. Isitoshe, hatujui kama fremu ilikuwa mraba siku ilipojengewa. Madirisha mengi ninayoyapima hayajawahi kuwa mraba hata siku moja.

#9 Fundi wa Misingi

Mwalimu, unapiga hesabu ya fremu kana kwamba mbao zimepigiliwa kwenye fremu peke yake. Tumuulize kwanza misumari aliipiga wapi.

#10 Mkazi wa Ipagala

Ukingo wa ndani tulipigilia kwenye fremu. Ukingo wa nje tulipigilia kwenye ukuta kwa misumari ya zege, kwa sababu mbao zilikuwa zinaachana na lipu.

#11 FundiRanda

Basi hapo pana kosa jingine ambalo hatukuliona. Ubao mmoja umeushikisha kwenye vitu viwili visivyotembea pamoja. Ubao unataka kupungua upana, ukuta unaukatalia upande mmoja na fremu upande wa pili. Utashukuru Mungu kama kona tu ndizo zilizoachia, maana mara nyingi ubao hupasuka katikati kwa urefu. Pigilia kwenye fremu tu; upande wa ukuta uachie uteleze, na kama kuna mwanya ujaze kwa kitu kinachovutika, si saruji.

Na kwa faida ya wengine: toboa tundu dogo kwa kekee kabla ya msumari, hasa kwenye ncha. Mbao ngumu kama mkongo na mninga usipozitoboa zinapasuka mbele ya macho yako.

#12 Binti wa Singida

FundiRanda, kwa heshima, nirudi kwenye ujumbe wako wa kwanza. Umesema mninga haupungui kabisa. Baba yangu alikuwa seremala Manyoni na nimekua kwenye vumbi la mninga lililokuwa likinipa mafua kila jioni. Mninga unapungua, ila kidogo sana ukilinganisha na miti mingine, ndiyo maana tunaupenda kwa milango na fremu. Mninga mbichi nao ukiufungia kazini utakuaibisha.

Tukiwa kwenye ubichi, kuna njia ya kujua bila kifaa. Kata kipande cha ubao mbali na ncha, kipime kwenye mizani ya jikoni, kisha kiweke kwenye oveni ya moto mdogo, kidogo juu ya nyuzi 100 za sentigredi, ukipime kila baada ya saa chache hadi uzito uache kushuka. Mimi kipande changu kilianza na gramu 430 kikaishia 372. Zimepotea 58, gawa kwa 372, unapata kama asilimia 15.6. Kwa nyumba ya Singida au Dodoma huo ni ubao wa kurudisha kivulini usubiri.

#13 FundiRanda

Nimekosolewa kwa haki, dada. Niseme mninga hupungua kidogo. Na hiyo ya oveni nitaijaribu, ingawa mama mwenye nyumba itabidi aombwe kwanza.

#14 Mpenda Alumini

Wakubwa, mwaka huu bado tunazungumzia mbao? Wekeni alumini ya kuteleza, mpumzike na mchwa, oili chafu na oveni.

#15 MamaNkuhungu

Kaka, alumini ninayo chumbani. Vumbi la upepo wa mwezi wa nane linajaa kwenye reli ya chini hadi dirisha linagoma kusogea, na kila Jumamosi nachokonoa kwa mswaki wa zamani. Tena alumini nayo ina ufa kati yake na lipu, na ufa huo utaufunika kwa kitu. Turudi kwa mtoa mada.

#16 Mzee wa Kondoa

Salaam, wanangu. Nimesoma yote kwa utulivu. Sisi tulifundishwa kwamba kona ya nyuzi 45 ni ya picha ya ukutani, siyo ya dirisha la nchi kavu. Ubao wa juu unaupitisha mzima, unazidi kidogo kila upande, na mbao za pembeni zinasimama chini yake kwa mkato wa mraba. Ubao wa pembeni ukipungua upana, unapungua chini ya kivuli cha ule wa juu na jicho halioni pengo, kwa kuwa urefu haubadiliki, kama Mwalimu alivyoeleza. Wala huhitaji fremu iwe mraba sawasawa. Unachonga kidogo kwa randa ncha ya ule wa pembeni mpaka inalala.

Jambo la pili ni rangi. Mtoa mada, ulipaka nyuma ya mbao kabla ya kuzipigilia? Ubao uliopakwa uso mmoja unapumua kwa upande mmoja, nao hupinda kama bakuli. Weka rula juu ya ubao wa chini wa dirisha la magharibi, utuambie umebinukia wapi.

#17 Mkazi wa Ipagala

Shikamoo mzee. Nyuma sikupaka, na hata ncha zilizokatwa sikuzipaka. Nimeweka rula ya chuma kama ulivyoelekeza: kingo zote mbili zimenyanyuka na katikati pamezama, mwanga unapita chini ya rula. Mbao za juu zimelala sawa.

#18 Mzee wa Kondoa

Marahaba. Kama kingo zimenyanyuka kuja kwako, mgongo wa ubao umepanuka kuliko uso. Mgongo unakunywa maji mahali. Ukuta huo una nini?

#19 Mkazi wa Ipagala

Ukuta wa magharibi hauna bomba. Chini ya dirisha hilo ndipo tunapoweka mtungi wa maji ya kunywa, kwenye kigoda, umegusana na ukuta. Leo nimeuondoa. Lipu nyuma yake ni ya baridi ukigusa, na kuna unga mweupe kama chumvi unaoishia kiasi cha kiganja kimoja chini ya ubao. Pia ndipo lipu ilipobomoka zaidi, kwa hiyo ndipo nilipotengeneza lipu mpya, na nakumbuka mbao zilipigiliwa siku mbili baada ya kuipiga lipu hiyo.

#20 Fundi wa Misingi

Siku mbili ni chache mno. Hata hivyo miezi minne ya kiangazi inatosha kuikausha lipu ya kiraka, kwa hiyo sikubali kwamba ni lipu peke yake. Na chumvi haitoki kwenye mtungi tu. Maji ya visima vya kwetu yana chumvi, na ukuta usio na nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi huyavuta kutoka ardhini. Nje ya ukuta huo hakuna bustani inayomwagiliwa?

#21 Mkazi wa Ipagala

Kuna mchicha na matembele. Tunamwagilia jioni.

#22 Binti wa Singida

Kwa hiyo sasa tuna mtungi, lipu mbichi, mchicha na udongo wa Fundi wa Misingi, vyote kwenye dirisha moja.

Niongeze jambo moja la afya, kwa sababu mtoa mada atabandua tena. Kama nyumba ni ya zamani, ile rangi ya mafuta ya chini inaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari, kwa watoto zaidi. Usiipige msasa ikiwa kavu. Ilowanishe, ikwangue, kusanya maganda yote kwenye gazeti, watoto wakae kwa bibi siku hiyo.

#23 Mkazi wa Ipagala

Nashukuru, sikulijua hilo. Mara ya kwanza tulipiga msasa mkavu, na mpwa wangu alikuwa anafagia bila kitambaa puani. Safari hii tutalowanisha.

#24 Kijana wa Mtumba

Mimi bado ninaamini kisanduku cha kukatia pembe kilikuwa kimelegea. Mtoa mada hajasema kama alijaribu kona mbili kwenye mbao chakavu kabla ya kukata zenyewe.

#25 Mkazi wa Ipagala

Nilijaribu kona moja, si mbili, na ilifunga. Kisanduku ni cha kuazima, na matundu yake yamepanuka kwa msumeno wa watu wengi, kwa hiyo siwezi kukuambia umekosea.

Nimefanya hivi. Mtungi umehamia jikoni. Matembele tutayahamishia upande wa uzio. Mbao za magharibi nimezing'oa zote nne, nikipitisha kisu kwanza, na lipu safari hii imetoka salama isipokuwa pale penye misumari ya zege. Mgongo wa ubao wa chini ulikuwa na doa jeusi la urefu wa shubiri moja, lakini doa halikuwa mbele ya mtungi. Lilikuwa upande wa kushoto, karibu na kona, ambako hakuna mtungi wala kiraka cha lipu. Na kwenye kona hiyo, fremu ilipokuwa imefunikwa, kuna ufa mwembamba wa lipu unaoshuka kwa mshazari. Sikumbuki kuuona mwezi wa tano.

Ncha ya ufa nimeiwekea alama ya penseli na tarehe ya leo. Yale madirisha matano mengine sitayagusa. Nimeandika kwa penseli juu ya kila kona uwazi wake kwa milimita, nitapima tena mwezi wa pili mvua zikiwa zimekolea.

#26 Mwalimu wa Hesabu

Vizuri sana. Mwezi wa pili kona za juu zikijifunga kwa nusu, ni ubao. Ila pima asubuhi, na upime kwa mkono uleule, usimpe mpwa.

#27 Fundi wa Misingi

Na ufa ukirefuka kabla ya hapo, usisubiri mwezi wa pili. Weka picha hapa.

#28 Mzee wa Kondoa

Zile mbao nne ulizong'oa usizitupe. Zipange kivulini, tenganisha kwa vipande kama FundiRanda alivyosema, na uzipime upana leo.

#29 Mkazi wa Ipagala

Nimezipima, mzee. Tatu ni milimita 73 na nusu. Ule wa chini ni 75 upande wa kulia na 76 upande wa doa.